Mwenyekiti wa Kibanda cha Jumatano

Mwenyekiti alikuwa hawezi kula peke yake. Kama nyumbani kwake hakukuwa na mtu, alipakua chakula, akaifunika sahani kwa sahani nyingine, akatembea nayo mpaka kwa jirani, akaketi karibu na mlango na kuuliza habari za mbuzi huku anakula. Hakuwa anaomba chakula. Chakula alikuwa nacho. Alikuwa anatafuta mtu wa kula mbele yake. Majirani wa upande ule wa Mutomo walimzoea. Wakisikia sahani mbili zikigongana njiani, walisogeza kigoda na kusema, "Mwenyekiti amekuja na hoteli yake."

Sikumbuki kusikia mtu akimwita kwa jina. Padri alimwita Mwenyekiti, chifu alimwita Mwenyekiti, hata wajukuu wake wakipiga simu kutoka Mombasa walisema, "Susu Mwenyekiti yuko?" wakimaanisha bibi yao. Kuna wakati kikundi chake cha kina mama wasusi kilifanya uchaguzi na kumchagua mwingine, mdogo kwa umri na hodari wa kuandika barua kwa wafadhili. Huyo aliitwa Mwenyekiti Mpya muda wote aliokaa kwenye kiti. Alipochoka akaacha, yule wa zamani aliendelea kuwa Mwenyekiti bila kupigiwa kura, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameacha kumwita hivyo.

Mimi ni mtu niliyejijenga, na jambo hilo silisemi kwa kunong'ona. Karo ya sekondari ilitoka kwenye vyondo vya mama yangu, vile vikapu vya mkonge, hilo nalikubali, lakini diploma ya usimamizi wa biashara niliilipia mwenyewe, nikisoma jioni Nairobi baada ya kupakia magunia mchana kutwa. Baadaye nilikwenda Uarabuni, nikaanza kama mfagiaji wa stoo na kumaliza kama msimamizi wake. Wenzangu wengi walirudi na televisheni. Mimi nilirudi na akiba na mpango. Leo nina duka Sultan Hamud, kando ya barabara ya Mombasa, la vyondo, asali na maembe yaliyokaushwa. Nina lori lenye jina langu mlangoni. Nina nyumba ya ghorofa katika vilima vya Kilungu, mahali ambapo asubuhi ukifungua dirisha unautazama ukungu kutoka juu. Yote hayo yalianzia kwenye kikundi cha Mwenyekiti, kwa hiyo nikimweleza, namweleza mtu ninayemjua.

Kikundi kilikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya mashine ya kusaga unga. Ndani mlikuwa na mabenchi, mtungi wa maji, na misumari ukutani. Kila mwanachama alikuwa na msumari wake. Siku ya Jumatano wanawake walifika na nyuzi za mkonge walizosokota kwao wiki nzima, wakashusha vyondo vyao kutoka kwenye misumari, wakasuka mpaka jua lilipolegea. Kisha wakavitundika tena, wakaenda nyumbani mikono mitupu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ambayo Mwenyekiti hakuruhusu ijadiliwe. Uzi unaweza kuusokota popote, shambani, njiani, hata kwenye mkutano wa chifu. Lakini kiondo hakiendi nyumbani. Kinalala kibandani mpaka kimalizike, na anayetaka kukimaliza arudi Jumatano.

Wageni wa mashirika walipouliza sababu, alikuwa na majibu tayari. Nyumbani kuna moshi unaochafua rangi. Kuna mbuzi anayetafuna mkonge. Kuna mzee wa nyumba atakayekalia kiondo kikapinda. Yote yalikuwa kweli, na wageni waliandika. Mimi nilipomuuliza, tukiwa wawili, alinijibu kwa njia nyingine.

"Mtu akibeba kazi yake yote aende nayo," alisema, "atarudi hapa kutafuta nini?"

Jumatano yangu ya kwanza kibandani naikumbuka vizuri, kwa sababu niliingia na viatu vilivyong'aa na mkoba wa ngozi, na hakuna aliyeshtuka. Aliyenipokea alikuwa Mama Mwende, msusi bora kuliko wote na mwenye ulimi mkali kuliko wote.

"Asi! Mwanaume kwa kibanda. Umekuja kusuka ama kuoa?"

"Nimekuja tufanye biashara, mama."

"Biashara tunajua. Ni wewe hatujui."

"Mama, si unajua mimi ni mtoto wa nani?"

"Hiyo najua. Nauliza wewe ni nani sasa. Ulienda na miguu kama ya kuku, umerudi na tumbo ya mkubwa."

Walicheka mpaka mmoja akadondosha sindano. Mwenyekiti aliwaacha wacheke, kisha akapiga benchi kwa kiganja, pale kando yake.

"Mwacheni. Huyu ako na diploma. Diploma, kuja ukae hapa. Shika hii uzi."

"Mwenyekiti, mimi sijui kusokota."

"Nimesema usokote? Nimesema ushike. Mtu akikaa bure hapa anachokesha wengine."

Tangu siku hiyo jina langu kibandani likawa Diploma. Nililipokea. Nililitolea jasho, na ni heri kuitwa kwa kitu ulichokitafuta mwenyewe.

Msomaji asidhani Mwenyekiti alikuwa fundi wa vyondo. Hakuwa. Kitako cha kiondo, yaani ule mduara wa mwanzo ambao wengi huuogopa kwa sababu nyuzi zote zinataka kutoroka kwa pamoja, alikianza vizuri kabisa, kimekaza kama ngoma. Shida ilianza akipanda ubavuni. Huko ndiko alikoinua macho kutazama nani amenyamaza leo, nani amekuja na kanga ya jana, nani anavuta uzi kwa hasira, na kiondo kikaenda upande kikamwacha anatazama watu. Mama Mwende alikuwa akikiinua mbele ya wote. "Hii kiondo ya Mwenyekiti inasikiliza nini huko kwa jirani?" Mwenyekiti alicheka kuliko wote. Vyondo vyake sikuvipeleka dukani Sultan Hamud. Nina viwili jikoni kwangu, vya vitunguu.

Alichokijua ni watu. Nimeona vikundi vingi tangu nirudi, huku Kitui na kule Makueni, na naweza kuingia kwenye mkutano na kukuambia kabla ya chai kama kikundi kitafika mwakani. Vingi hufa kwa sababu mwenyekiti anataka kusifiwa. Yeye alitaka uje. Ukija, ukakaa, basi. Mama mmoja alikuwa anakuja na hasuki chochote, miezi, tangu afiwe na mumewe. Anakaa na uzi magotini. Wengine walinung'unika kwamba anakalia benchi bure, hasa kwa kuwa mimi nilikuwa nimeambiwa nishike uzi siku yangu ya kwanza. Mwenyekiti aliwajibu kwamba huyo ameshika. Kisha akaendelea na habari ya bei ya ndengu.

Maneno yake makubwa yalikuwa yaleyale, na aliyasema kila mahali, kanisani, kliniki, hata matangani. "Kila mtu awe na kitu yake." Alimaanisha kazi ya mkono wako na kitu kidogo cha shamba, pamoja. Ukiwa na kiondo, weka kuku. Ukiwa na kuku, tundika mzinga. Mvua ikikataa ndengu, nyuki hawajakataa. Nyuki wakihama, mkonge uko uani. Hakusoma popote mambo hayo. Mimi niliyasoma kwa diploma, yana jina refu, na nilipomweleza kwamba wataalamu wanakubaliana naye alisema, "Basi waambie wakuje Jumatano."

Alikuwa akiwafuata watu mpaka makwao. Akisikia msichana ameolewa karibu, hata kabla ya vumbi la harusi kutulia, angekwenda na zawadi ya kuku jike anayetaga ili bibi mpya aanze na kitu chake. Hapo ndipo kulikuwa na kichekesho, maana Mwenyekiti, aliyewapa wanawake wengi kuku kuliko duka la mifugo, alikuwa anaogopa kuku. Kuku akipiga mabawa yeye hupiga kelele. Kwa hiyo alitembea mbele, na nyuma yake, mbali kidogo, mtu mwingine amebeba kuku. Siku moja mtu huyo nilikuwa mimi, na suti. Tulipofika, kuku akanitoka mikononi, na Mwenyekiti akapanda juu ya kiti cha wageni, akawa anatoa hotuba yake ya kujitegemea akiwa huko juu, ameshika sketi.

"Shuka, mama," bibi mpya alimwambia, "nimemshika."

"Shika sana. Huyo ni wako. Nisikie umekula yeye, nitakuja kulia hapa kama msiba."

Kuku huyo hakuliwa. Mwanamke yule sasa ana mayai yanayofika hoteli za Kitui mjini, na kila nikimkuta ananitania kwa ile suti.

Lakini alikuwa na hitilafu moja ndani yake ambayo nadhani hakuiona. Alitaka kila mwanamke awe na mfuko wake, mlango wake, kazi yake, asimtegemee mtu. Na alitaka wote waje Jumatano. Alihubiri la kwanza kwa nguvu zake zote, na la pili aliliona kama jambo ambalo halihitaji kuhubiriwa, litakuwepo tu, kama vile maji mtungini.

Simu alikataa kwa muda mrefu. Wanawe walimletea, akaiweka kwenye kabati na vikombe. Alipokubali, aliitumia kwa kazi moja: Jumanne jioni alimbipu kila mwanachama. Simu inalia mara moja, inakatika. Maana yake: kesho. Ukimpigia, hachukui. Mlio ule ulipita boma kwa boma, na wanawake wakiwa jikoni wangesema, "Hiyo ni Mwenyekiti," bila kuangalia.

Sasa nifike kwenye yale niliyoyafanya mimi, nayo nayaeleza kifua mbele. Oda zilikuwa zimekua. Kulikuwa na wenye maduka Nairobi na wengine nje waliotaka vyondo vya kipimo kimoja, rangi moja, kwa wakati. Kikundi kinachosuka siku moja kwa wiki hakiwezi kuzijaza. Nilifanya hesabu, nikafanya mpango, nikaja kibandani nikasimama kuueleza. Kila mtu asuke nyumbani kwake kwa muda wake. Bodaboda wangu atapita kuchukua mlangoni. Malipo yataingia kwenye simu ya kila mmoja, si ya kikundi.

Mama Mwende ndiye aliyejibu kwanza.

"Mimi niseme ukweli. Mama mkwe wangu hainuki kitandani. Jumatano nikikuja hapa, kila saa roho iko nyumbani. Nikisuka hapo kando yake nitasuka mara mbili ya hii."

"Na mimi niko mbali," alisema mwingine. "Kutembea peke yake ni nusu siku."

"Hata watoto watasaidia kusokota."

Kisha wote wakamtazama Mwenyekiti, na mimi nikamtazama, nikijiandaa kujibu hoja ya moshi na mbuzi. Hakuitoa. Aliuliza ni wangapi wanataka. Mikono ikainuka, kwanza kwa haya, halafu yote. Mkono wake uliinuka mwisho.

Nilipokuwa namsindikiza nilimwambia nilidhani atapinga.

"Nipinge aje? Si mimi nimewaambia kila mtu awe na kitu yake?" Alitembea kidogo. "Sasa wako nayo."

Mpango ulifaulu. Nasema hivyo bila kuzunguka, kwa sababu kuna watu wa mjini wanaopenda kusikia kwamba mambo ya zamani yalikuwa bora. Nenda ukaone mapaa ya upande ule. Nenda uulize nani anasoma chuo. Mama Mwende ana tangi la maji kubwa kuliko la shule, na mama mkwe wake alikufa akiwa ameogeshwa, amelishwa, mkono wa mtu uko karibu. Ningeambiwa nianze upya kesho, ningefanya vilevile.

Ila Jumatano zilizofuata zilikuwa zake peke yake. Kibanda kilikuwa mali ya kikundi na hakuna aliyemfukuza, kwa hiyo alifungua mlango kama kawaida, akajaza mtungi, akaketi. Mwanzoni walipita wawili watatu, kuazima sindano, kuulizia rangi. Baadaye hata hao rangi waliletewa na bodaboda. Bado alibipu Jumanne. Lakini maana ya mlio ilikuwa imepotea, na sasa walimpigia kwa hofu.

"Mwenyekiti, uko na shida?"

"Sina shida."

"Umeumwa?"

"Siumwi."

"Ah, sawa basi. Mungu akubariki, mama. Wacha nimalize hii, boda ako njiani."

Ndipo akabuni mpango wake. Nimeshafikiria sana mpango ule, na naweza kusema ni mwanamke wa Ukambani tu, tena mwanamke wa kibanda kile, angeubuni. Alianza kusuka vitako. Kitako kimoja kwa kila mwanachama, kizuri, kimekaza, kwa rangi ambayo alijua mwenye msumari anaipenda. Nyekundu ya udongo kwa Mama Mwende, kahawia kwa yule mjane. Akavitundika kwenye misumari, kila kimoja kwenye msumari wa mwenyewe. Kisha akatangaza kwa watu waliopita kusaga: waambieni vyondo vyao vimeanzwa, viko kibandani, waje waendelee. Kwa sheria ya zamani, kiondo kilichoanzwa kibandani kinamaliziwa kibandani. Alikuwa anawatega kwa kazi yao wenyewe.

Habari zikafika. Wanawake walifurahi sana. Kitako ndiyo sehemu ngumu, na Mwenyekiti alikuwa amewafanyia bure, kwa upendo. Wakatuma bodaboda avikusanye.

Nilikuwepo, nimekuja kukagua mzigo. Bodaboda wangu, kijana mwenye adabu, aliingia akavua kofia, akasalimia, akaanza kuvishusha vitako msumari kwa msumari na kuvipanga kwenye gunia.

"Wamesema asante sana, Susu. Wamesema Mungu akuongeze miaka. Wameuliza kama kutakuwa na vingine."

Mwenyekiti alikuwa ameshika sindano. Alimtazama kijana, akatazama gunia, nikaona anatafuta neno ambalo lisingemvunja kijana moyo.

"Waambie nimesikia," alisema. Na akamsogezea kijana benchi ashushe kile cha msumari wa juu, ambacho mkono wake haukufikia.

Hakuna somo la diploma linalofundisha cha kusema hapo.

Nilichofanya ni kumchukua nikampeleka kwangu Kilungu, apumzike, aone vilima. Alifurahia safari. Alitaka kujua kila shamba la kando ya barabara ni la nani, na mimi nilijua machache. Nyumbani nilimtembeza vyumba vyote. Mke wangu anafundisha mbali na hurudi mwisho wa muhula, watoto wako bweni, kwa hiyo kulikuwa na nafasi ya kutosha kumwonyesha.

"Hii vyumba yote, wapangaji ni wangapi?"

"Hakuna wapangaji, Mwenyekiti. Ni yangu yote."

"Yako." Alifungua mlango mwingine, akatazama kitanda kilichotandikwa, akaufunga polepole kama mtu analala mle. "Umejenga vizuri, Diploma. Umejenga vizuri kabisa."

Mezani nilimketisha upande wa heshima, kule mwisho. Alisubiri dua iishe, akainuka na sahani yake, akapita meza nzima, akaja kuketi ubavuni kwangu, bega kwa bega, kama tuko kibandani. Kupitia dirisha alikuwa anaona moshi wa boma la chini ya mlima.

"Hao wanapika nini?"

"Sijui."

"Hujui?" Alishangaa kweli, si kwa dharau. Alikula kidogo. Kesho yake aliomba nimrudishe.

Baada ya hapo kazi zilinizidi, na kwa muda mrefu nilimsikia kupitia kwa watu tu. Mashine ya kusaga ilihamia kituo cha biashara. Kibanda kikakodishwa na muuza simiti. Hilo liliamuliwa na kikundi, kwenye simu, kwa ujumbe. Nilipopita Mutomo mara ya mwisho kufuata asali nilimtafuta kwake, nikakuta kufuli. Mama Mwende, ambaye ni jirani, alinijibu akiwa anasuka mlangoni, macho kwenye kazi.

"Jumatano? Jumatano hapatikani. Huenda hospitali."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Huenda tu. Tumemuuliza, hasemi."

Nilikwenda, na moyo haukuwa umetulia, maana mzee akisema haumwi mimi siamini. Nje ya wodi ya watoto kuna mabenchi marefu ambapo jamaa wa wagonjwa husubiri. Watu hutoka mbali kuja pale, wengine mwendo wa siku, na wakishafika hawana pa kwenda. Wanakaa kutwa, mikono magotini. Mwenyekiti alikuwa katikati yao. Kando ya mguu wake kulikuwa na fungu la mkonge, na mama watano au sita, kila mmoja na uzi. Hawakuwa wanajuana. Ilionekana kwa namna walivyoketi.

"Wakya?" aliniamkia, kama tuliachana jana.

"Aa," niliitikia. "Mwenyekiti, hapa unafanya nini?"

"Unaona nini? Nilileta jirani hapa siku moja. Nikaona watu wamekaa. Wamekaa tu, Diploma. Kutwa."

Karibu naye kulikuwa na mama kijana wa watu wa kaskazini mashariki, mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe, amejitanda mtandio mrefu. Mtoto wake alikuwa ndani na kifua. Kiswahili chake na cha Mwenyekiti vilikuwa na viraka tofauti, lakini walielewana kwa vidole.

"Mama mzee, hapa napitisha juu ama chini?"

"Juu. Alafu chini. Usivute kama unakama ngamia."

"Wewe umeona ngamia wapi?"

"Sijaona. Lakini nimeona vile unavuta."

Mama yule alicheka akajiziba mdomo, akatupia jicho mlango wa wodi kana kwamba ameiba kitu. Kitako chake kilikuwa kimefika ukubwa wa sahani. Kilikuwa kizuri kwa mtu wa siku chache.

Niliuliza kama kuna aliyefika mpaka kumaliza kiondo. Mwenyekiti alisema hakuna. Huanza kitako, kisha mgonjwa anapona na wanaenda, au hafikii kupona na wanaenda. Ubavu wa kiondo alikuwa hajaufundisha mtu tangu aanze kuja pale. Nilimwambia naweza kumtafutia chumba, mabenchi mapya, bango hata, tuanze kikundi upya kwa utaratibu. Nilimaanisha, na uwezo ninao. Alikuwa anafikiria jibu muuguzi alipotoka na karatasi.

"Mama wa mtoto wa kifua? Ameruhusiwa. Kuja uchukue dawa."

Mama kijana aliinuka kwa haraka, akamshukuru Mungu kwa Kiarabu na kwa lugha yake, akakimbia ndani, akatoka na mtoto begani na mfuko wa dawa mkononi. Alikuwa amefika mbali kidogo alipokumbuka kitako kwenye benchi. Akarudi.

"Mama mzee, na hii? Upande wa juu sijajua. Jumatano nitakuja unionyeshe, si ndiyo? Wewe uko hapa Jumatano?"

"Niko."

"Basi nitarudi."

Mwenyekiti aliweka uzi chini. Alishika mkono mdogo wa yule mtoto, akaupima joto kwa shavu lake.

"Usirudi," alisema.

Mama yule hakuelewa. Alinitazama mimi, kama nitamtafsiria.

"Usirudi hapa. Umesikia? Enda na mtoto wako. Mimi nisikuone kwa hii benchi tena."

Ndipo mama kijana alipoelewa. Aliinama akambusu Mwenyekiti juu ya kitambaa cha kichwa, akaweka kitako kwenye mfuko pamoja na dawa, akaenda. Tulimtazama mpaka getini. Hakugeuka, na Mwenyekiti hakuondoa macho mpaka mtandio ulipopotea.

Halafu alipangusa benchi kwa kiganja, pale palipoachwa wazi kando yake. Nilidhani ananiandalia mimi. Niliinua suruali magotini, nikaanza kuketi.

"Sio wewe, Diploma," alisema kwa upole, macho yake kwenye geti. "Wewe hauna mgonjwa."